Bima Utaipata, Lakini Uliza Nani Atalipa

Hapa Lubumbashi, mtu aliyehukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa anaweza kutoka mahakamani saa nne asubuhi, na ikifika saa sita mchana awe ameshapata karatasi mpya ya bima, kwa bei ileile anayolipa jirani yake asiyegusa pombe. Hakuna atakayemkunjia uso. Naanza na hilo kwa sababu wanaouliza kama hukumu ya ulevi inamnyima mtu bima, hasa wenye ndugu Brussels, Paris au Marekani, huja na hofu kwamba wameshaharibu jina lao kwa kampuni zote. Hofu hiyo wameiazima ng'ambo. Ya kwetu ni nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi.

Sikiliza maswali ya karani wa asiranse dirishani. “Papa, gari ni ya kazi ao ya nyumbani?” “Iko na shevo ngapi?” “Viti ngapi?” “Unalipa ya miezi sita ao ya mwaka muzima?” Anaomba karatasi ya gari, ananakili namba ya chasi, anapokea pesa, anapiga muhuri. Suala la nani hasa atakaa kwenye usukani halijitokezi. Wala halijitokezi swali la kama mtu huyo amewahi kugonga, kufungwa au kunyang'anywa leseni. Kima cha bima ya lazima, ile inayolipa madhara tunayowafanyia watu wengine, kinahesabiwa kwa gari: nguvu ya injini, matumizi, nafasi za abiria. Kwa hiyo Toyota IST ya mzee wa kanisa wa Katuba na IST ya kijana anayekesha kwenye baa za Kamalondo, zikiwa na injini sawa na kazi sawa, hulipa sawa.

Wapo wanaodhani huu ni uzembe wa makarani. Sivyo. Ni urithi wa mfumo. SONAS, shirika la bima la serikali, liliundwa Novemba 1966 na likashika soko lote peke yake. Tarehe 5 Januari 1973 ikatoka sheria namba 73-013 iliyomlazimisha kila mwenye chombo cha moto kukata bima ya madhara kwa wengine. Muuzaji mmoja, mnunuzi asiye na hiari. Katika soko la namna hiyo, historia ya dereva ina kazi gani? Kampuni huchunguza tabia ya mteja pale inapoogopa kubeba mzigo ambao mwenzake ameukwepa, au inapotaka kumvutia dereva mzuri kwa bei nafuu. SONAS haikuwa na mwenzake wa kumwogopa wala wa kumnyang'anya mteja. Ikajenga kazi ya kuuza vyeti, na faili la dereva halikuwahi kuzaliwa.

Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko. Ikaundwa ARCA kusimamia kampuni, na kuanzia 2019 leseni zikatolewa kwa wapya: Rawsur, Activa, SFA Congo, na baadaye wengine kama Mayfair kutoka Kenya na Sunu kutoka Afrika Magharibi. Ushindani tunao sasa. Lakini angalia wanashindana kwa nini: kwa ofisi nzuri, kwa wepesi wa kulipa, kwa wateja wa migodi, kwa bima ya afya ya wafanyakazi. Kumjua dereva bado si silaha ya mtu yeyote kati yao, na hata angetaka mmoja wao kuanza kesho, angetafuta habari wapi? Leseni iko kwa CONADEP, tume inayoitoa. PV, yaani taarifa ya polisi, iko kituoni. Hukumu iko kwenye rejista ya karani wa mahakama. Karatasi hizo tatu hazikutani mezani kwa mtu mmoja.

Na hukumu yenyewe ni adimu. Sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978 inakataza kuendesha ukiwa umelewa, hakuna anayebisha. Kazi iko kati ya sheria na hakimu. Dereva aliyesimamishwa usiku na PCR, polisi wa roulage, ana njia mbili za kurudi nyumbani bila kufika mahakamani. Ya kwanza kila mtu anaijua, siipotezei wino. Ya pili ni halali kabisa: mwenendo wetu wa jinai, katika kifungu cha 9 cha dikri ya 6 Agosti 1959, unamruhusu ofisa wa upelelezi kumpendekezea mkosaji faini ya maridhiano kwa makosa yasiyo mazito. Ukiilipa, kwa kawaida mashtaka yanazimika. Hakuna hukumu, kwa hiyo hakuna cha kuandikwa popote, na kesho yake wewe ni dereva msafi kama yule ambaye hakusimamishwa kabisa.

Tatizo la ushahidi nalo lipo. Usiku, kwenye mzunguko wa barabara, ulevi hupimwa kwa pua na macho ya polisi: anasikia harufu, anaona unavyoyumba, anaandika. Bia ya Simba au Tembo inayotengenezwa hapahapa mjini na Brasimba angalau ina asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, je? Aliyekunywa vikombe viwili vya lutuku hajui alichokunywa, na polisi hajui zaidi yake. Majirani zetu wenye vipimo pia wamehangaika. Tanzania sheria imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kenya waliingiza barabarani kipimo cha pumzi, Alcoblow, kwa kishindo kikubwa, kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikauyumbisha msingi wake: kwa sheria ilivyokuwa, kosa lilikuwa kushindwa kulimudu gari, na namba ya mashine peke yake haikutosha kumtia mtu hatiani. Nchi yenye mashine ilikwama. Sisi tunategemea pua.

Matokeo yake ni kwamba hukumu ya ulevi barabarani Lubumbashi huja zaidi pale damu ilipomwagika. Hapo maridhiano ya kituoni hayatoshi tena. Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kosa linabadilika jina na kuwa kuua au kujeruhi bila kukusudia. Kwa kuua bila kukusudia, kifungu cha 53 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa ya jinai kinataja kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Familia ya aliyeumizwa inaingia kwenye kesi kama mdai. Bima inaingia hapo pia, na safari hii haina haraka ya kupiga muhuri.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Tuseme ni Jumamosi usiku, barabara ya Kasapa, karibu na chuo kikuu. Gari la mtu aliyetoka kunywa linamvunja mguu mwanafunzi. Anapelekwa hospitali ya Sendwe. Mguu unahitaji vyuma, wiki za kitanda, dawa ambazo familia inaambiwa ikanunue nje. Dereva ana bima halali, kailipa mwaka mzima. Anajipa moyo: asiranse italipa. Na ndiyo, kwa majeruhi italipa, au inapaswa kulipa, kwa sababu bima hii ya lazima ilibuniwa kwa ajili yake yeye aliyelala kitandani. Ubelgiji, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, sheria yake ya tarehe 1 Julai 1956 iliweka kanuni hiyo wazi: kampuni haiwezi kumwambia majeruhi “dereva alikuwa amelewa, sikulipi”. Ulevi ni ugomvi kati ya kampuni na mteja wake. Sheria yetu ya 1973 ilikuwa ya ukoo huohuo.

Ugomvi huo basi una sura gani? Kampuni ikishamlipa majeruhi, inageuka. Katika masharti ya jumla ya mkataba, yale ya herufi ndogo za Kifaransa ambayo mteja hupewa na hayasomi, huwa inajiwekea haki ya kumdai mteja wake kile ilicholipa kama ajali ilitokea akiwa amelewa. Kwa hiyo ulichonunua dirishani ulikinunua kwa ajili ya watu wa njiani. Kwako wewe, ukiwa umelewa, kampuni ni mkopeshaji tu: imekulipia leo, kesho inaleta barua. Kama ulikata bima kubwa inayotengeneza hadi gari lako mwenyewe, hali ni ngumu zaidi, maana madhara ya gari lako mara nyingi hayalipwi kabisa ukiwa umekunywa. Majeruhi hayumo kwenye sehemu hiyo ya mkataba, hivyo kampuni haina wa kumhurumia.

Mwenye gari aliyelala nyumbani hapumui pia. Katika mji huu magari mengi ya abiria ni ya mtu mmoja na yanaendeshwa na mwingine, anayeleta pesa ya siku kila jioni. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai, dikri ya 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake atafidia, na kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri abebe madhara yaliyofanywa na mtu wake akiwa kazini. Shofa akilewa, karatasi ya mahakama itabisha hodi kwa papa mwenye gari. Nimewaona wenye magari wanaouliza kila kitu kuhusu shofa wao mpya, kabila, kanisa, nani anamjua, wasiulize kama amewahi kusimama mbele ya hakimu.

Sasa twende kidogo ng'ambo, maana wengi mnalinganisha. Ufaransa, dereva aliyesababisha ajali na akahukumiwa kwa pombe anaweza kuongezewa bei hadi asilimia 150 juu ya kima cha kawaida. Leseni ikifutwa, nyongeza inapanda zaidi. Nyongeza zote zikijumlishwa zina kikomo cha asilimia 400, na baada ya miaka 2 zinaondolewa. Kampuni inaweza kumfukuza. Akikataliwa kwingine anakwenda Bureau Central de Tarification, chombo kinachopanga bei na kuilazimisha kampuni impokee, kwa sababu sheria inayolazimisha bima haiwezi kumwacha mtu bila pa kuinunua. Uingereza alama ya kosa hilo hukaa kwenye leseni miaka 11. Marekani, majimbo mengi hudai kampuni iwasilishe cheti kiitwacho SR-22 kuthibitisha kwamba mtu huyo ana bima, kwa kawaida kwa miaka 3, na kampuni zinazomkubali hutoza zinavyotaka.

Kwa macho ya Mlushois mambo hayo yanaonekana ukatili. Mimi naona yana wema mmoja: mtu anajua bei ya kosa lake mapema, kwa awamu, kabla hajamvunja mwingine mguu. Sisi bei hiyo tumeiweka yote mwisho, siku ya ajali, kwa mkupuo mmoja, na kwa mtu ambaye mara nyingi hana pa kuitoa. Hapo hata majeruhi hayuko salama sana, maana kampuni inayojua kwamba haitarudishiwa pesa na mteja maskini ina kila sababu ya kubishana juu ya PV, juu ya tarehe, juu ya sahihi, na kuivuta kesi. Familia ikichoka inakubali kidogo ilichopewa mkononi, gharama za hospitali au za kilio, na faili linafungwa.

Je, basi kampuni zetu ziige Ufaransa, zimtoze mlevi zaidi? Wenzangu wa fani ya bima wanapenda wazo hilo. Mimi bado silitaki. Nyongeza ya bei inayotegemea hukumu itamwangukia aliyehukumiwa, na hapa kwetu aliyehukumiwa si lazima awe mlevi kuliko wengine. Mara nyingi ni yule aliyekosa cha kutoa usiku ule, au asiyekuwa na namba ya mkubwa wa kumpigia. Mwenye gari jipya la vioo vyeusi atabaki na rekodi nyeupe. Kabla daftari la hukumu halijawa la kweli, kulitumia kupanga bei ni kuwapa wakubwa punguzo.

Mahali pa kuanzia papo, na ni migodini. Migodi mikubwa ya Katanga haisubiri hakimu. Dereva wa lori au wa basi la wafanyakazi anapuliza kwenye kipimo getini, na mashine ikisema ana pombe, haingii. Ikirudia, kazi imekwisha, na kampuni ndogo iliyomleta inaweza kupoteza mkataba. Adhabu hii inauma kuliko faini yoyote ya kituoni, na inafika siku hiyohiyo. Pia inamnasa mtu ambaye hakujiona mlevi. Piga hesabu: chupa kubwa ya sentilita 70 yenye pombe asilimia 5 ina gramu 28 hivi za pombe. Mwanamume wa kilo 70 akimaliza tatu, damu yake inafika karibu gramu 1.8 kwa lita. Mwili unaondoa takribani 0.15 kwa saa. Akilala saa tano usiku na kuamka saa kumi na mbili, ameoga, amekunywa chai, anajisikia mzima, bado ana karibu 0.7. Ufaransa kikomo ni 0.5. Getini kwa mgodi hatapita.

Kampuni za bima zinazopigania magari ya migodi na ya wakandarasi wao zina habari hizo mlangoni kwao. Mwenye malori 40 anayepima madereva kila asubuhi na kutunza daftari anastahili bei ndogo kuliko mwenye malori 40 asiyepima. Hapo hakuna haja ya kusubiri mahakama, wala CONADEP, wala Kinshasa. Punguzo lianzie kwa anayepima.

Narudi kwa msomaji aliyehukumiwa kweli, ambaye amenivumilia hadi hapa akitaka kujua afanye nini Jumatatu.

Chukua nakala ya hukumu uisome sehemu ya leseni. Hakimu anaweza kumnyima mtu haki ya kuendesha kwa muda, na hilo ndilo linaloua bima yako, kuliko neno ulevi lenyewe. Cheti unaweza kuuziwa hata leo, lakini gari likiendeshwa na mtu asiye na haki ya kuendesha, kampuni itakuwa na sababu ya kukudai senti zote ilizolipa, na hata wakili mzuri atakuwa na kazi. Muda huo tafuta shofa mwenye leseni, jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Ukiulizwa historia yako, kwenye fomu au kwa mdomo, sema kweli. Dirishani hawaulizi, lakini ukikata bima kubwa, au ukipitia kwa wakala wa kampuni mpya, fomu inaweza kuuliza. Kuficha kitu ulichoulizwa ndiko kunakoipa kampuni mlango wa kuufuta mkataba siku unapouhitaji. Ukisema kweli nao wakakuuzia, wameshapokea mzigo wakiujua. Weka nakala ya fomu iliyogongwa muhuri. Neno la mdomo la karani halikumbukwi na mtu baada ya ajali.

Kama unavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, na hiyo isikudanganye. Inalipa madhara ya watu wa kule kwa sheria ya kule, kisha mzigo unarudi kwa kampuni yako ya huku, na kampuni inarudi kwako. Gari lako halimo. Kumbuka pia kwamba ng'ambo ya mpaka wanapita kushoto. Aliyekunywa Kasumbalesa akavuka usiku ana mtihani wa pili kabla hajakutana na polisi.

Usinunue cheti kwa mtu wa kando ya barabara eti kwa sababu “ofisini watakukataa”. Hawatakukataa. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima, na sijaona kampuni hapa inayofukuza pesa ya bima ya lazima. Anayekuuzia hofu hiyo anauza karatasi ya bandia, na nayo itakuacha na deni lote bila hata kampuni ya kukutangulia.

Lililobaki naliomba kwa ARCA. Mikataba hii imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, na inauzwa kwa watu wanaoishi maisha yao yote kwa Kiswahili. Kifungu cha ulevi kichapishwe ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka bila miwani. Wakati tunasubiri, msomaji wangu, usisaini kabla karani hajakuonyesha kifungu hicho kwa kidole. Akikuambia hakipo, mwombe aandike hivyo kwenye nakala yako, atie sahihi na apige muhuri.